Futi Mia Moja za Mama Njoki

Nyinyi vijana mnaopima mashamba siku hizi kwa kile kijiti chenye kofia ya kunasa setilaiti, mnanifurahisha. Saa tatu mmefika, saa sita mmemaliza, saa saba mko Kitengela mnaagiza nyama choma. Sisi tulivuta mnyororo wa chuma kwenye miiba, na jioni tulikaa kando ya gari tukitoana miiba miguuni kwa pini. Sisemi hivyo kwa wivu. Nataka tu kuwaambia juu ya mstari mmoja niliouchora, na juu ya asubuhi moja ya mwezi wa nne, nikiwa na miaka sitini na sita, nilipopanda ngazi kwenda kumwomba msamaha mwanamke aliyeshika panga.

Kwanza mnijue. Nilikuwa sorveya kwa zaidi ya miaka thelathini. Ofisi yangu ilikuwa Kajiado mjini, chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, na mafaili yangu yote yalinuka dawa ya kupe. Wanawake katika kazi hii tulikuwa wachache. Mteja angeingia, anisalimie vizuri, akae, kisha aulize sorveya atarudi saa ngapi. Nilikuwa namjibu, "Amesharudi." Watu wa Kisaju walinipa jina la Mama Bikoni, kwa sababu ya vile vyuma tunavyozika na simiti kwenye kona za ploti. Hata kanisani mhubiri akitaka niombe, huita Mama Bikoni.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa Parsaloi, mshika mnyororo wangu, mtu wa kutoka upande wa Bisil. Chuo kilinipa hesabu, yeye akanipa macho. Mwaka wangu wa kwanza nilizika bikoni nne kwa bidii kubwa, siku mbili nzima juani, na mchungaji mmoja wa mbuzi akikaa juu ya jiwe anatuangalia. Tulipomaliza akaja kuniambia kwa upole kwamba shamba la mteja wangu liko ng'ambo ya kilima. Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Akasema, "Niliona mko na vyombo, nikajua mnajua." Parsaloi alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua darubini, tulikuwa tunatafuta wachungaji kwanza. Wenye mashamba walituonyesha mpaka walivyotaka uwe. Wachungaji walituonyesha watu wanapita wapi, maji yanapita wapi, na wapi gari hukwama. Fanyeni hivyo na nyinyi. Hicho kijiti chenu hakioni matope.

Sasa niende kwa ule mstari.

Nyuma ya Kisaju, kando ya barabara ya Namanga, palikuwa na shamba refu la ndugu wawili waliorithi kwa baba yao. Mkubwa, Mzee Kuntai, alipata nusu ya mbele, ile inayogusa lami. Mdogo wake, Lekishon, alipata nusu ya nyuma, ambayo mto umeikumbatia kama mkono. Nasema mto, lakini ni laga, mkondo mkavu ambao mwaka mzima unaweza kuuvuka na viatu vya kanisani, kisha mvua ikinyesha juu kule Kajiado unageuka ukuta wa maji ya kahawia. Upande uliobaki kuna timbo la mawe, shimo la kutisha, mtu hawezi kulizunguka na gari.

Hao ndugu walikuwa hawaongei. Sababu ilikuwa mazishi ya mama yao, nani alitoa ng'ombe na nani hakutoa. Watu wa Nairobi walipoanza kutafuta ploti za kujenga, kila mmoja aliniita kivyake nimkatie shamba lake. Nilianza na Kuntai.

Nilichora barabara moja kutoka kwa lami hadi mwisho wa shamba lake, ploti za futi hamsini kwa mia moja kulia na kushoto. Mwishoni niliacha barabara iendelee hadi mpaka wa ndugu yake, ili siku moja ziungane. Mzee Kuntai aliweka kidole juu ya karatasi.

"Hii inaenda wapi?"

"Inaenda kwa Lekishon, Mzee. Siku akikata lake, barabara zishikane."

"Barabara yangu haitaingia kwa yule. Weka ploti hapo. Na wanunuzi wangu wanataka estate ya geti moja. Hawataki watu wa kupitapita."

Parsaloi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniita kando, akasema taratibu, "Yeyo, hapo usizibe." Hivyo ndivyo alivyoniita, mama, kwa Kimaasai. "Laga ikijaa inafunga hata siku mbili. Ng'ombe za wale wa nyuma hutokea hapo. Ona hiyo njia."

Niliiona. Ilikuwa njia ya ng'ombe, imechimbika, nyeupe, inakata nyasi moja kwa moja hadi kwenye lami. Nikamjibu kwa sauti, ili wote wasikie, "Parsaloi, leo tunapima ploti, hatupimi ng'ombe." Mzee Kuntai alicheka. Madalali waliokuja naye wakacheka. Parsaloi aliinama akaanza kukunja mnyororo, na kwa siku nzima hakunisemesha tena. Nikafuta ile njia, nikaweka ploti mahali pake. Kazi ya dakika tano.

Sheria ilikuwa na maneno yake juu ya barabara, na ningeweza kukataa kutia sahihi. Ninyi mtakutana na mteja kama huyo kabla mwaka haujaisha. Atakuambia kuna sorveya mwingine ambaye hana maneno mengi, na ni kweli yuko. Niliogopa kumpoteza mteja. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine.

Miaka miwili baadaye Lekishon aliniita. Nikamkatia lake, barabara yake ikaingilia ng'ambo ya laga, ikavuka kwa kidaraja cha chini cha zege, ikaja mpaka kwenye mgongo wa ile ploti niliyoiweka, ikafia hapo. Kutoka mwisho wa barabara ya nyuma hadi mwisho wa barabara ya mbele palikuwa na futi mia moja. Ukitaka kutoka nyuma kufika mbele kwa gari, ulivuka laga kwa kidaraja, ukapitia barabara ya murram isiyo na lami, ukatokea kwenye lami mbali kabisa, ukarudi. Lekishon hakuwa na pesa za kunilipa, akanipa ploti. Nilipostaafu nikajenga nyumba hapo. Basi nikawa mkaazi wa mstari wangu mwenyewe.

Asubuhi nilikuwa nikisikia harufu ya chapati za nyumba iliyo nyuma ya ukuta unaofunga barabara yetu. Majirani zangu, wengi wao watu wa kazi za ofisi na viwanda, walikuwa wakiamka alfajiri kuzunguka, wakilaani barabara. "Hii estate nani aliichora?" walikuwa wanauliza, wakicheka. Nami nilikuwa nikicheka nao. Sikusema.

Ile ploti ilinunuliwa na Mama Njoki, mjane, muuzaji wa nguo za mitumba Kitengela. Alijenga nyumba nzuri, akafuga kuku. Kisha mchana mmoja, wanaume watatu waliruka ukuta wake wa nyuma kutokea upande wetu, wakamfunga kamba jikoni kwake, wakachukua walichotaka. Alikaa sakafuni amefungwa hadi jioni. Baada ya hapo aliinua ukuta ukafika futi tisa, akapanga vipande vya chupa juu, akaleta mbwa wawili. Hakuna aliyemlaumu.

Sasa ile asubuhi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na laga tulianza kuisikia kabla ya kuiona. Kidaraja kilikuwa kimefunikwa kabisa. Mwendo wa saa mbili mlango wangu uligongwa kwa ngumi. Alikuwa Wafula, kijana karani wa kiwanda kimoja cha Athi River, aliyekuwa amepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa na kiatu kimoja tu mguuni.

"Mama, Nasimiyu anatoka damu. Mingi."

Nasimiyu alikuwa mke wake, mimba ya miezi minane. Nilimkuta amelala kwenye godoro, uso umekuwa rangi ya jivu, na kanga iliyokuwa chini yake sikutaka kuitazama mara mbili. Mama mmoja jirani, aliyewahi kuwa muuguzi, alinivuta kando akaninong'oneza, "Hii si ya kungoja maji yashuke. Hana saa nyingi."

Wafula alikuwa kwenye simu na dereva wa ambulensi aliyetoka Kitengela. Nilisikia sauti ya dereva: "Boss, niko hapa kwa laga. Naona maji, sioni daraja. Siingii hapo."

Nilimnyang'anya simu. "Kijana, usizime gari. Rudi kwa lami. Kuna estate ya geti ya kijani upande wa Kisaju. Ingia, nyoosha mpaka barabara iishe. Utaona geti nyeusi. Ngoja hapo."

"Hiyo ni kwa nani, mathe?"

"Wewe enda. Tutatokea hapo."

Wafula aliniangalia. Alijua, kama mimi nilivyojua, kwamba kati yetu na hiyo geti nyeusi kulikuwa na ukuta wa Mama Njoki.

Tulimlaza Nasimiyu na godoro lake juu ya mlango uliong'olewa, wanaume wanne wakaubeba, mtu mmoja akashika mwavuli. Tulipofika ukutani tulikuta wengine wametangulia. Mmoja alikuwa na nyundo kubwa na alikuwa ameshapiga mara mbili. Upande wa pili mbwa walikuwa wakibweka kama wenye wazimu, na juu ya sauti yao ikaja sauti ya mwanamke:

"Wa kwanza kuingia namkata! Naapa nitamkata!"

"Kuna mgonjwa!" wanaume wakapiga kelele.

"Hata wale walionifunga kamba walisema kuna mgonjwa!"

Mwenye nyundo akainua tena. Wafula alikuwa analia, anasema, "Piga! Piga bana, piga!" Nikajua kwamba ukuta ukianguka na huyo mama yuko nyuma yake na panga, tutakuwa na wagonjwa wawili, au maiti. Nikasimama mbele ya nyundo. Sikuwa jasiri.

"Leteni ngazi," nikasema. "Na blanketi."

Nilikunja blanketi mara nne juu ya vipande vya chupa, nikapanda. Nilipotokeza kichwa nilimwona. Alikuwa amevaa gauni la kulalia na sweta, mvua inamnyeshea, panga mkononi, macho yametoka. Mbwa walikuwa wakiruka ukutani chini yangu.

"Mama Njoki, ni mimi. Mama Bikoni. Tunaonana sokoni."

"Nakujua. Shuka."

"Niko na mama mjamzito hapa nyuma, anatoka damu. Laga imejaa. Hakuna njia nyingine."

"Njia?" Alicheka, kicheko kikavu. "Hapa si njia. Hapa ni kwangu. Niko na hati. Niko na ramani. Nikuletee usome? Kuna barabara hapo?"

"Hakuna."

"Basi."

"Funga mbwa, niingie peke yangu. Mimi tu. Nikidanganya unikate mimi."

Nyuma yangu nilisikia Nasimiyu akiguna. Mama Njoki akawaita mbwa, akawafungia kwenye kibanda cha kuku, na kuku wakapiga kelele za mwisho wa dunia. Nikaruka. Ngazi ya upande wake haikuwepo, niliangukia kwenye nyanya zake na kifundo cha mguu kikateguka. Mpaka leo kikihisi baridi kinaniambia.

Alisimama juu yangu na panga.

Nilisema kwa sauti ya chini, ili walio nyuma ya ukuta wasisikie, "Mama, kwa hiyo ramani yako, chini kwenye kona, kuna sahihi. Ni yangu. Mimi ndiye niliyechora ploti hii. Hapa ulipojenga palikuwa na njia. Nilionyeshwa, na nikaifuta. Wewe hukukosea. Wale nao hawajakosea. Ni mimi nimewaweka hivi, wewe ndani na wao nje."

Maji ya mvua yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye ncha ya panga.

"Kwa nini unaniambia hii sasa?" akauliza.

"Kwa sababu nataka unifungulie, na sina haki ya kukuomba."

Akageukia ukuta, akapaza sauti. "Huyo mgonjwa aongee mwenyewe! Yeye, si mwanaume!"

Kisha sauti nyembamba: "Mama. Ni mimi, Nasimiyu. Naomba."

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Minane."

"Ya kwanza?"

"Ya kwanza."

Mama Njoki alifumba macho. Akaweka panga juu ya tangi la maji. "Watu wanne," akasema. "Wataje majina kabla ya kuingia. Na wewe hutoki hapa mpaka wa mwisho atoke. Utakaa na mimi." Kisha akaongeza, "Na wavunje pale, wasimalize nyanya."

Sikilizeni hapa, kwa maana hili halimo kwenye vitabu vyenu. Ukuta wa mawe ya kuchonga uliosimama kwenye udongo mweusi uliolowa haupigwi chini. Ule udongo ukinywa maji unavimba na kuteleza, na ukuta mzima unaning'inia kwenye nguzo zake. Mwenye nyundo alikuwa anapiga usawa wa kiuno. Nilimpigia kelele aache. Nikasogea nikichechemea, nikaweka kiganja kwenye nguzo, nikaisikia ikitembea. Ilikuwa inatembea kweli, kidogo kidogo, kuelekea kwao.

"Rudisheni mgonjwa nyuma! Nyuma, hatua kumi! Panda ngazi, anza juu. Jiwe moja moja, katikati ya nguzo mbili. Msiguse nguzo!"

Walifanya hivyo. Mawe yakaanza kushuka, mstari baada ya mstari, na kila jiwe lilichukua muda kama mwaka. Yule muuguzi alikuwa akiita jina la Nasimiyu, na Nasimiyu akawa anaitikia polepole zaidi kila mara. Ukuta ulipofika usawa wa kifua niliwaona, Wafula akiwa amemshika mkewe mkono. Ulipofika usawa wa goti nguzo ya kushoto ililia, ikainama, ikasimama. Nikasema, "Sasa. Pitisheni sasa."

"Majina," akasema Mama Njoki.

"Wafula." "Mutiso." "Ole Nkoyo." "Kamau."

Mlango ukapita, na Nasimiyu juu yake, amefumba macho. Mama Njoki akatembea kando yake uwanja mzima, akafungua geti nyeusi mwenyewe.

Barabara ilikuwa tupu. Hapakuwa na ambulensi.

Wafula alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Nikapiga simu. Dereva akasema yuko kwenye geti ya kijani, askari amekataa kumfungulia bila ruhusa ya keateka anayesimamia estate, na keateka hashiki simu. Kabla sijamaliza kueleza, Mama Njoki alikuwa ameshachukua panga juu ya tangi, anakimbia barabarani pekupeku, gauni limemshika miguuni. Sikusikia alimwambia nini yule askari. Niliona tu geti, mbali kule, ikifunguka milango yake yote miwili kwa pamoja, na taa nyekundu zikija.

Gari lilipoondoka tulikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yake, mimi na yeye, tumelowa, mbele yetu ukuta wenye pengo. Nilimshika mkono. Alikataa, kisha akakubali. Mwendo wa saa saba Wafula alipiga simu. Mtoto alikuwa ametolewa kwa upasuaji, msichana, mzima. Nasimiyu alikuwa ameongezwa damu na bado hajaamka. Aliamka kesho yake.

Mnafikiri hadithi imeisha hapo. Mimi pia nilitamani iishe hapo.

Jumapili iliyofuata walinisimamisha kanisani. Walipiga makofi. Mhubiri akasema Mungu alimweka Mama Bikoni mahali pale kwa sababu. Wafula alinikumbatia mbele ya watu wote akasema, "Huyu ndiye mama yangu wa pili." Nilikaa chini nimeshika mkoba, nikijua kwamba mtu mmoja tu duniani anajua nilichosema kwenye zile nyanya, naye hana kawaida ya kuongea.

Nilivumilia siku tisa. Siku ya kumi nikamwita Wafula chai. Nikamweleza: Kuntai, kidole juu ya karatasi, Parsaloi, utani wangu, kicheko chao. Nilimwonyesha sahihi. Chai yake iliweka utando.

"Kwa hivyo ulikuwa unajua," akasema. "Miaka yote hii. Tukizunguka."

"Nilikuwa najua."

"Hata tukikuuliza nani alichora."

"Ndiyo."

Alisimama, akarudisha kiti mahali pake vizuri, akatoka. Kwa miezi mingi alinisalimia kama mtu anayesalimia ofisi ya serikali. Sikumlaumu, na siwaambii nyinyi kwamba ukisema ukweli watu hukushukuru. Niliusema kwa kuwa nisingeweza kuendelea kupigiwa makofi.

Mama Njoki naye alirudisha ukuta wake ndani ya wiki. Nilimtembelea, bado nachechemea, na kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Usifikirie nimekuwa barabara." Nikasema sijafikiria. Nikarudi mwezi uliofuata, kununua mayai. Na uliofuata. Siku moja akaniuliza kama futi kumi na mbili zinatosha ambulensi. Nikasema zinatosha, ikiwa dereva si mlevi. Akasema atatoa futi kumi na mbili ubavuni, upande usio na jikoni, lakini pajengwe ukuta pande zote mbili, na geti ya ufunguo kila upande, na ufunguo mmoja ukae kwake.

Vijana, kuifuta njia kulinichukua dakika tano. Kuirudisha kulinichukua mwaka na nusu. Watoto wa Kuntai, warithi wake, walitia sahihi, mmoja akiwa nchi za nje. Lekishon alitia sahihi. Wenye ploti wa mbele waliitisha mikutano, wengine wakisema tunawaletea wezi. Tulienda mbele ya bodi ya ardhi Kajiado mara nne, na mara mbili tulirudishwa kwa sababu ya karatasi iliyokosekana. Parsaloi alikuwa ameshafariki zamani, kwao Bisil. Nilikwenda nikamweleza mkewe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumweleza. Alinipa maziwa, akasema mumewe hakuwa mtu wa kushika hasira. Hilo halikunipunguzia kitu.

Na barabara yenyewe bado ni kijia cha geti mbili. Huko Kitengela, upande wa mashimo ya mawe na upande wa lami, kuna estate nyingine zimekatwa namna hii, nyingine kwa mkono wangu, nyingine kwa mikono ya watu ninaowajua. Kila moja ina mlango mmoja na mgongo wa ukuta. Mvua ikianza nikiwa kitandani, nazihesabu.

Wiki ile kijia kilipofunguliwa, Nasimiyu alikuja kwangu peke yake, mtoto mgongoni. Hakuwa amewahi kuniuliza lolote. Alisimama mlangoni, nikamkaribisha, hakukaa.

"Mama, nataka kuona ile ramani," akasema. "Ile ya kwanza."

Niliitoa kwenye bomba lake pamoja na ile ya Lekishon, nikaziunganisha mezani, nikaweka kikombe kila kona zisijikunje. Aliinama. Ploti zilikuwa mistari midogomidogo, mamia, kama meno ya kitana. Nikamwonyesha laga. Nikamwonyesha nyumba yao. Nikamwonyesha barabara ya nyuma inapofia, na ya mbele inapofia.

"Na hapo katikati ndipo nilikuwa nimelala?"

"Ndipo hapo."

Alinyoosha kidole gumba, akakiweka juu ya nafasi ile. Kiliifunika yote, na bado kikabaki. Akakaa hivyo, ameinama juu ya meza, mtoto akimvuta sikio.

"Ni kadogo hivi?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo. Ni kadogo hivyo.